Bibi, Sijaifunga Baa ya Visahani

Bibi yangu,

Shikamoo. Najua ungeitikia, "Marahaba, mume wangu," kisha kabla sijavuta kigoda ungeniuliza nimekula nini tangu asubuhi. Nimekula muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi. Nakuandikia nikiwa ndani ya baa, milango nimeirudishia, ni alasiri. Flora, mwenzangu wa biashara, yuko uani anasuuza chupa. Mimi nilipaswa kuwa napara samaki, lakini asubuhi gari la mananasi kutoka Kiwangwa lilishusha mzigo hapa mlangoni, harufu ikajaa chumba kizima, nikaona siwezi kushika kazi nyingine kabla sijasema na wewe.

Huu ni msimu wa kwanza tangu uondoke.

Barua hii itasomwa na wengine pia, usinikasirikie. Ndiyo maana nitakukumbusha hata mambo unayoyajua kuliko mimi.

Ulinichukua nikiwa sijaota meno ya pili, mama alipoolewa Tanga na mume wake mpya hakutaka mtoto wa mwingine. Ukanileta Kiwangwa, kwenye nyumba yako iliyozungukwa na mananasi pande zote isipokuwa upande wa choo. Ulikuwa na visahani vya kaure vyenye maua ya buluu. Uliniambia uliletewa seti nzima ya chai ulipoolewa, vikombe vikavunjika kimoja kimoja mikononi mwa watoto wako, visahani vikabaki, nawe ukakataa kuvitupa. Ukawa unanipakulia humo. Kimoja kisamvu cha nazi, kimoja dagaa wa kukaanga uliowakamulia ndimu, kimoja bagia mbili, kimoja korosho za chumvi. Watoto wa jirani walikula ugali kwenye sinia moja wakigombania mboga. Mimi nilikula kama sultani, mkeka umejaa.

"Mume wangu hali kitu kimoja," uliwaambia wanawake waliopita wakitoka kuchota maji. "Akichoka hiki anahamia kile."

Walikucheka. Bi Tatu, rafiki yako wa kila siku, alisema unaniharibu. Ukamjibu kwamba ni mume wako, una haki ya kumharibu.

Nilipomaliza shule nilikwenda Dar, nikapata kazi ya uhudumu hotelini. Huko ndiko nilikojifunza habari za mvinyo, kwanza kuumimina tu, baadaye kuuonja, na hilo sikukuficha. Flora alikuwa mhudumu mwenzangu. Kwao Dodoma wanalima zabibu. Likizo moja alinichukua hadi kwao, nikamwona baba yake akiponda zabibu na kuziacha kwenye pipa bila kuongeza chochote, si chachu, si sukari. Baada ya siku chache pipa likaanza kuchemka lenyewe, ukiweka sikio unasikia kama watu wananong'ona ndani. Nilisimama pale nikikuwaza wewe na mananasi yako. Nikamuuliza yule mzee kama nanasi nalo lingeweza.

"Jaribu," alinijibu. "Likikataa utakunywa siki."

Tulijaribu mwaka mzima katika chumba cha kupanga. Chupa zilipasuka, mwenye nyumba akatufukuza. Lakini mwisho ukapatikana mvinyo mkavu, wa rangi ya mawingu, ambao ukiunywa unajua umetoka kwenye shamba na si kiwandani. Tukaacha kazi. Tukapata fremu Bagamoyo, iliyokuwa ya kinyozi. Kabla hatujapaka rangi, nikapanda gari kuja kukuambia.

Ulikuwa jikoni unamenya muhogo.

"Tumepata fremu, Bibi," nilianza.

"Ya kuuza nini?"

"Vyakula vidogovidogo, kwenye visahani, kama vile vyako. Na mvinyo wa matunda."

Ukaweka kisu chini. "Mvinyo."

"Wa asili. Hauna dawa, hauna kitu cha kuongeza. Ni nanasi tu, linaachwa lichemke lenyewe."

"Mtu akiunywa analewa?"

"Akizidisha."

"Basi ni pombe, mume wangu. Usiivalishe kanzu."

Nilitazama maganda ya muhogo miguuni mwako. Ukaendelea kwa sauti ileile ya kawaida, kama mtu anayeagiza chumvi dukani. "Sikufukuzi. Nyumba hii ni yako. Ila mananasi yangu hayaendi huko, hata moja. Na pesa yake isiingie kinywani mwangu. Mimi ni mtu mzima, nataka niende nikiwa na jibu."

Ukaokota kisu, ukamenya mpaka sufuria ikaanza kutoa povu. Kisha ukauliza, "Hicho chakula atakipika nani?"

"Mimi."

Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Wewe? Wewe uliyeunguza maji?" Ukafuta machozi kwa pindo la kanga, ukaninyooshea mbuzi ya kukunia nazi. "Kaa hapo. Chakula sina ugomvi nacho."

Ukanifundisha siku ile mpaka Magharibi. Kila kitu kinacholiwa hapa leo kilitoka kwenye mafiga yako.

Nikwambie baa yenyewe ilivyokuwa, kwa kuwa hukuwahi kuiona sawasawa. Vioo vya kinyozi tuliviacha ukutani. Kiti chake kile cha kuzunguka tulikiacha pia, na wageni hukigombania. Hatukuwa na pesa ya bilauri, kwa hiyo tulimimina mvinyo kwenye vikombe vya kahawa, na mpaka leo hatujabadilisha kwa sababu watu wamevipenda. Flora aliandika majina ya mvinyo kwa chaki kwenye mlango wa stoo. Wa nanasi anauita Mpole, wa maua mekundu ya choya Mwenye Maneno, na kuna mmoja wa mabibo ambao unarusha vizibo, huo ni Mkorofi. Ijumaa hatufungui. Ramadhani yote hatufungui. Watu wa Dar wanaokuja mwisho wa wiki hushangaa kukuta baa imefungwa Ijumaa, hupiga picha kufuli. Kuna mwalimu wa chuo cha uvuvi Mbegani anayekuja kila Jumamosi kula dagaa na kuwakosoa, kwamba hawa walichelewa kuanikwa, kwamba hawa wana mchanga, kisha anaagiza sahani nyingine.

Niliipenda, Bibi. Naipenda bado. Hapo ndipo shida yangu ilipo.

Mwaka wa kwanza nilikuletea godoro. Ulilala kwenye lile la pamba kuukuu tangu nikiwa mtoto, nikaona nimekuwa mwanamume, ninunue godoro la maana. Ulilibonyeza, ukalisifu, ukalala juu yake ukanyoosha miguu. Kisha, ukiwa umelala vilevile unatazama bati, ukauliza, "Hili la sahani au la kikombe?"

Nilikuwa naweza kusema lolote. Nikasema, "La kikombe."

"Basi lirudi likalale lilikotoka." Ukaamka ukalipanguza vumbi, usije ukalirudisha chafu.

Nilirudi Bagamoyo nyuma ya bodaboda nimelikumbatia godoro, watu wa njiani wakinipungia mikono kama bwana harusi. Nilikuwa nimekasirika. Flora aliponiona hakucheka. Yeye si Muislamu, lakini ndiye aliyekwenda sokoni siku ya pili akarudi na makopo mawili ya plastiki yenye mifuniko. Akasema, "Kuanzia leo pesa ya chakula itaingia humu, ya mvinyo mle. Kila moja ijitegemee, mkaa na samaki vilipiwe na chakula. Bibi akiuliza tena utakuwa na jibu."

Kopo la kikombe lilijaa haraka. Kopo la sahani lilikuwa linatambaa. Ukishatoa nazi, mafuta, mkaa na samaki, kilichobaki ni cha kununulia kanga na sukari. Ndivyo ulivyopata kanga zako, na zile ulizipokea kwa mikono miwili.

Kisha ukaja ule mwaka mananasi yalipofurika. Yaliiva yote kwa mpigo, wenye malori wakachagua wanavyotaka, bei ikawa ya kuchekesha. Mimi nilikuwa nanunua kwa jirani yako wa bondeni kwa bei nzuri, kwa sababu mvinyo haujali nanasi lenye alama wala dogo. Nilipita mbele ya shamba lako na gari limejaa, nikamwambia dereva asimame. Ulikuwa katikati ya mistari. Mananasi yako yalikuwa yamepasuka, mengine yamelala ubavu, nyuki wamechachamaa. Harufu niliijua kabla sijashuka. Ilikuwa harufu ya stoo yangu.

"Njoo uone, mume wangu!" uliniita. "Shamba langu nalo limelewa!"

Tulicheka mpaka ukakaa chini kwenye nyasi. Kisha nikasema, "Niuzie, Bibi. Jirani amepata bei nzuri."

"Najua."

"Yanaoza."

"Yanaoza kwa Mungu," ulisema. "Huko kwako yataoza kwa watu."

Uliuza mbuzi wako wawili msimu ule. Nilijua, kwa sababu Mjomba Omari aliniambia. Mjomba ni mwanao wa mwisho, naye analima mananasi hapohapo Kiwangwa, na mwaka ule ulimlaza chali kama wewe. Nami niliendelea kupita na gari.

Sijui ni lini hasa macho yako yalianza. Ulianza kulalamika kwamba taa za siku hizi hazina nguvu. Ukatia kisamvu chumvi mara mbili. Siku moja nilikuja nikasimama mlangoni bila kusema, ukauliza, "Nani huyo?" nikadhani unanitania. Tulikwenda hospitali, daktari akamulika, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba hutolewa vizuri tu, mtu anarudi kuona. Akataja gharama. Nikashusha pumzi, Bibi, kwa sababu pesa hiyo nilikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya kopo. Ungeweza kutibiwa wiki ileile.

Tulikaa kwenye benchi la nje. Hukuniangalia, na hata ungeniangalia usingeniona. Ukauliza swali lako.

"La sahani halijafika hata nusu," nikakwambia.

"Basi nitalisubiri la sahani."

"Nikope kwa mtu, Bibi. Pesa ya mtu mwingine, safi."

"Utamlipa kwa lipi?"

Ukanipapasa goti. "Yamesubiri miaka yote hii. Usihangaike."

Nilirudi nikiwa nimeamua kwamba kopo lile halitaguswa. Nikaongeza vyakula, nikafungua mapema watu wapate chakula cha mchana, nikauza bagia hata kwa wapita njia. Likawa linapanda. Kisha masika yakaja, paa la fremu likaanza kuvuja juu ya mapipa. La kikombe tulikuwa tumelimaliza kwa kununua mapipa hayohayo. Kama maji yangeingia, kazi ya mwaka mzima ingekuwa siki. Nikafungua kopo la sahani, nikanunua bati.

Nilikupigia simu siku ileile. Sikukuficha hata hilo. Nikakueleza paa, mapipa, na kwamba nitarudisha.

"Paa kwanza, mume wangu," ulisema. "Macho yangu hayavuji."

Ukacheka, nami nikacheka. Nilipokata simu nilijisikia mwepesi. Wepesi ule ndio unaonitesa leo. Hukunilaumu, na mimi nikaichukua ruhusa yako kama mtu anayechukua chenji, bila kuihesabu. Ningeweza kufunga mvinyo kwa miezi michache, nikauza chakula peke yake, nikaomba msaada kwa ndugu wa Tanga. Ningeweza kuwauzia wengine mapipa yote. Mambo hayo yalinipitia kichwani, siwezi kusema hayakunipitia. Niliyapitisha haraka, kwa sababu ulikuwa umecheka.

Ulikuja hapa mara moja tu. Kulikuwa na harusi ya ndugu mjini, Mjomba akakuleta, na baada ya nikahi ukamwambia, "Nipeleke nikaone hiyo fremu ya kinyozi." Ilikuwa alasiri kama hii. Wageni walikuwa wachache, wanafunzi wawili wa sanaa na yule mwalimu wa Mbegani. Flora alipokuona alikimbia kukupokea mkono.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyenunua makopo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Una akili. Huyu mume wangu hana."

Uliingia ukipapasa. Ulipapasa kiti cha kinyozi ukakizungusha, ukafurahi kama mtoto. Ukapapasa meza, ukanusa vidole kuona kama tunazifuta. Kisha mkono wako ukagusa ukuta.

"Hii nini?"

"Kioo, Bibi."

"Kikubwa hivi? Kinanionyesha mimi?"

"Kinakuonyesha."

"Nimependeza?"

Ulikuwa umevaa kanga mpya ya harusi, rangi ya chungwa, ukajifunga vizuri kichwani. Ulisimama mbele ya kioo umenyoosha shingo, macho yako meupe kama maziwa, ukisubiri nikujibu. Nilikujibu kwamba umependeza. Mjomba Omari akatazama nje.

Ukakaa, nikakuletea visahani vyote. Ulikula kidogo kila kimoja. Wanafunzi wale waliacha kuzungumza wakakutazama. "Kisamvu sawa," ulisema. "Dagaa sawa." Mwalimu wa Mbegani akataka kubisha, akajizuia. "Chatini hii imekosa ndimu. Unaibania ndimu ya nini, inauzwa kwa dhahabu?"

Kisha ukasema, "Kilete hicho kikombe."

Hakuna aliyesogea. Mjomba akasema, "Mama."

"Sikusema nitakunywa. Nimesema kiletwe."

Flora ndiye aliyekileta. Ulikishika kwa mikono miwili, ukakisogeza puani, ukavuta pumzi polepole. Ukakaa nacho hivyo muda.

"Nanasi la Kiwangwa," ulisema. "La bondeni."

"La jirani yako, Bibi."

"Nilijua. Ya bondeni yana maji mengi." Ukakiweka kikombe mezani bila kumwaga hata tone. "Limekaa vizuri. Mungu akusamehe."

Mpaka leo sijui nishike lipi kati ya maneno yako mawili. Uliyasema kwa pumzi moja.

Kopo la sahani lilijaa mwishoni mwa Shaaban. Nilikwenda hospitali, wakatupa siku baada ya Idi. Nilikuja kukuambia, ukapiga vigelegele mwenyewe peke yako jikoni. Ukaanza kupanga utakavyoviona: kwanza shamba, halafu uso wa kitukuu chako mpya, mjukuu wa Mjomba, halafu baa. "Nitaingia kwa mguu wangu," ulisema, "na nitakuonyesha vumbi lilipo."

Katikati ya Ramadhani ulishikwa na kichomi. Mjomba alinipigia simu asubuhi, nikafika adhuhuri. Ulikuwa umelala kwenye godoro la pamba. Niliinama ukanipapasa uso wote, paji, pua, mashavu.

"Umenenepa," ulininong'oneza. "Visahani hivyo."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Siku ya pili ulitutoka.

Hitima ya arobaini Mjomba Omari aliifanyia nyumbani kwako. Nilikwenda mapema, nikampa bahasha. Aliitazama bila kuipokea.

"Shaweji, usinitie mtihanini."

"Ni la sahani, Mjomba. Kopo lote. Haina hata senti ya mvinyo."

"Hii si ile ya macho?"

"Ndiyo hiyo."

Mjomba ni mtu mkimya, sijawahi kumwona akilia, hata siku tulipokuzika. Aliusukuma mkono wangu kifuani kwangu. "Siwezi kulisha watu macho ya mama yangu," alisema. Akageuka akaenda kusimama penye mistari ya mananasi. Aliporudi alikuwa ameshajifuta. "Pesa hiyo kaa nayo kwanza. Mikono yako tunaitaka. Sufuria zipo pale."

Nikapika. Nilianza baada ya Alfajiri na wanawake wa kijiji wakanisaidia kukuna nazi, wakinicheka kwamba mwanamume gani huyu. Nilipika pilau, lakini nikapika na kisamvu, na dagaa, na bagia, na chatini niliyoijaza ndimu. Watu wa msikitini walikula. Wale ambao hawajawahi kukanyaga hapa kwangu, wanaovuka barabara wakiwa Bagamoyo wasipite mlangoni, walikula wakalamba vidole. Maalim aliuliza, "Hili ni pishi la nani?" Mjomba akajibu, "La marehemu." Hakusema zaidi, nami nilikuwa nimesimama nyuma yake na mwiko mkononi. Nilijua amesema kweli. Nilijua pia kwamba kwa neno hilo amenificha.

Wageni walipoondoka Bi Tatu alibaki kuosha vyombo. Aliosha sahani moja mara tatu. Nilipomsogelea nikaona macho yake, na ukungu uleule.

Nikamtazama Mjomba. Mjomba akanitazama. Akasema, "Ya macho iende kwenye macho. Iwe sadaka yake."

Tulimpeleka mwezi uliopita. Nilikuwapo walipomfungua bandeji. Alipepesa, akatazama ukuta, akatazama dirisha, akamtazama nesi akamwambia kumbe yeye ni mtoto mdogo hivi. Kisha akainua mikono yake mwenyewe mbele ya uso, akaigeuza upande huu na upande huu.

"Lahaula!" alisema. "Kumbe nimezeeka! Mbona hamkuniambia?"

Wodi nzima ilicheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikatoka nikasimama kwenye ujia, nikageukia ukuta. Nilifurahi kwa ajili yake, Wallahi nilifurahi. Lakini nilitaka kukusikia wewe ukilalamikia mikono yako.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo, Bibi. Mama na Mjomba wamekubaliana shamba lako tulilime pamoja, mimi na Mjomba. Msimu huu mananasi yako tumeyauza kwa kina mama wa juisi wa mjini na kwa malori, na yaliyobaki Mjomba aliwagawia watoto wa chuo cha Kurani. Kwangu hapa halikuja hata moja. Yaliyoshushwa asubuhi ni ya bondeni. Nimeyapokea, nimelipa, na kesho tutayamenya.

Ungetaka nikuambie nimefunga. Nilikaa na hilo tangu arobaini, nikajaribu kulisema kwa sauti nikiwa peke yangu nione linavyosikika. Sijafunga. Baada ya muda nitafungua milango hii, yule mwalimu atakuja na kasoro zake, Flora ataandika kwa chaki, mimi nitamimina. Najua hii si toba. Kuweka mananasi yako kando na kuendelea na ya jirani, sijui kunaitwaje. Wakati mwingine naona ni heshima. Wakati mwingine naona ni kuivalisha kanzu, kama ulivyosema.

Siku za Ijumaa, baa ikiwa imefungwa, huja kwako Kiwangwa nikakaa kaburini na kukusomea Yasini. Nasoma taratibu, kwa sababu ulinifundisha nisikimbize. Sijui kama kisomo cha mtu kama mimi kinakufikia au kinarudishwa njiani. Nikimaliza sinyanyuki mara moja. Nangoja kidogo, kama mtu aliyepiga hodi akasikia kimya, na hajui kama mwenyeji hayupo au anamsikia tu.

Ijumaa hii nitakuja tena. Pumzika salama, Bibi, na unisamehe lile unaloweza kulisamehe.

Mjukuu wako uliyemlea kwa visahani,
Shaweji